Piga picha ya kibao kwanza, ndege baadaye

Ukienda bustani ya wanyama kupiga picha za ndege, anza na kibao cha maelezo cha kila banda, ndipo umgeukie ndege mwenyewe. Jioni, ukiwa na picha mia mbili kwenye simu, hutakumbuka nani alikuwa nani. Hakikisha jina la kisayansi linasomeka, maana majina ya kawaida hubadilika kutoka eneo hadi eneo.

Kero kubwa ni waya. Kama unaruhusiwa kusogea, weka lenzi karibu kabisa na waya, penye kivuli, kisha subiri ndege akae mbali nao kidogo; waya utafifia mpaka usionekane. Kwenye kioo, gusisha lenzi na uzime flashi.

Chukua picha za mdomo, miguu na mkia pia, si ubavu mmoja tu. Na usishangae ndege asipofanana na picha ya kibaoni: tausi jike hana lile pazia la manyoya, na kinda wa flamingo ni wa kijivu, kwani rangi ya waridi humjia baadaye kutokana na chakula. Tena shomoro na njiwa wa nje huingia wenyewe kuokota masalia; hao kibao hakiwataji.