Somo: Kufunga ubao wa taa na rada za foleni kwenye matengenezo ya barabara

Wiki hii pekee nimeulizwa mara nne namna ya kufunga ule ubao wa taa wa trela, wenye sola, unaowaandikia madereva onyo pale barabara inapochimbwa. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku. Nazungumzia barabara kuu zinazopitisha malori.

1. Anza na vibao vya kawaida, koni na washika bendera wenye redio. Ubao wa taa unaongeza, hauondoi.

2. Trela likae nje ya lami, kwenye ardhi ngumu, miguu yote imeshushwa, magurudumu yamefungwa mnyororo.

3. Rudi nyuma mita 200 na gari, uje ukiusoma mwenyewe.

4. Maneno. Ubao mwingi wa trela una mistari mitatu ya herufi nane nane. MATENGENEZO ina herufi 11, haiingii, na ukiikata dereva anasoma upuuzi. Andika KAZI / MBELE / PUNGUZA. Kurasa zisizidi mbili, kila moja sekunde tatu. Lori la kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde, halina muda wa kusoma barua.

5. Rada za foleni, yaani vifaa vinavyopima mwendo wa magari na kuuambia ubao uandike nini. Hapa ndipo nilipokosea, soma polepole. Tulikuwa tunachimba upande mmoja wa barabara maeneo ya Ilula, mkoani Iringa, magari yakipita kwa zamu. Rada niliiweka mita 500 kabla ya kazi, ubao kilomita moja. Nikapanga mwendo ukishuka chini ya 40, ubao uandike FOLENI / JIANDAE / KUSIMAMA. Asubuhi ulifanya vizuri. Saa kumi jioni foleni ikaganda kabisa, na ubao ukarudi kwenye KAZI MBELE. Rada ya aina ile inapima kitu kinachosogea. Gari lililosimama hailioni. Kwake foleni iliyoganda na barabara tupu ni kitu kimoja. Foleni ikarefuka mpaka ikaupita ubao wenyewe. Likaja lori la nyanya, dereva akakutana na mkia wa foleni kabla ya onyo lolote, akachagua mtaro. Alitoka mzima. Nilimpa maji, mikono ikamtetemeka hata kifuniko cha chupa hakuweza kukifungua.

Kwa hiyo:
– Kabla ya kufunga chochote, pima foleni inafika wapi siku yenye magari mengi. Ubao ukae mbali kuliko hapo.
– Rada zisipungue tatu, zipangwe kufuata urefu wa foleni.
– Mchana, rada ikikaa dakika mbili bila kuona gari, ubao uandike foleni.
– Mawasiliano yakikatika, ubao ubaki kwenye onyo la foleni.

6. Usiku punguza mwanga, la sivyo unampofusha dereva.

7. Kazi ikisimama, zima. Dereva akidanganywa mara mbili, ya tatu hapunguzi.

MASWALI

Juma K: Mkuu, nikiwa na huu ubao naweza kupunguza washika bendera?
Jibu: Hatua ya 1.

Juma K: Nauliza kwa sababu ya gharama, mkuu.
Jibu: Nimekuelewa. Hapana. Ubao hauwezi kumwona mtoto anayevuka na ndoo.

Mama Koni: Kaka, asante. Ila usiku dakika mbili bila gari ni kawaida. Si ubao utasema foleni wakati barabara ni tupu?
Jibu: Dada, swali zuri sana, mimi lilinichukua wiki nzima. Linganisha rada mbili. Ya mbali ikihesabu magari yanaingia na ya karibu haioni linalotoka, wamesimama katikati. Zote mbili zikiwa kimya usiku, barabara ni tupu, acha KAZI MBELE. Muulize aliyekuuzia mtambo kama programu yake inakubali kanuni hiyo kabla hujalipa.

Dereva wa Masafa: Mbona sisi madereva hamtushirikishi? Mnaweka vitu tu.
Jibu: Nilikaa ndani ya lori safari mbili kabla ya kupanga umbali wa hatua ya 5. Ukiwa na ushauri, lete.
Dereva wa Masafa: Basi usiweke ubao mara tu baada ya kona ya mteremko. Pale macho yangu yako kwenye breki na kioo.
Jibu: Hilo sikuliandika na lilistahili. Asante, kaka.

Fundi Sola: Kwetu betri ziliibwa usiku wa kwanza.
Jibu: Chomelea kizimba cha nondo, kufuli liwe upande wa ndani.
Mama Koni: Na futeni sola kila asubuhi kwa kitambaa kibichi. Vumbi la kifusi likiganda, saa mbili usiku ubao umeshazima.