Losheni yenye vitamini B3, B5 na E: namna ya kuitengeneza istahimili joto la Dar es Salaam

Mtu anaweza kutoka nyumbani hajanywa chai, lakini kutoka hajapaka mafuta ni nadra. Mazoea hayo ya kila asubuhi ni njia nzuri ya kuipa ngozi ya mwanamke vitamini, bila kumwongezea kazi nyingine. Sharti ni mtengenezaji achague vitamini inayoweza kuingia kwenye ngozi, na isiyoharibika ndani ya chupa iliyokaa miezi kwenye nyumba ya bati Mbagala au Tandika.

Tabaka la juu la ngozi huzuia molekuli kubwa. Wataalamu hutumia kipimo cha daltoni 500 (daltoni hupima uzito wa molekuli): ikizidi hapo, kupenya ni kazi ngumu. Niasinamidi, yaani vitamini B3, ina daltoni 122. Panthenoli, ambayo ngozi huigeuza kuwa vitamini B5, ina 205. Asetati ya tokoferoli, aina ya vitamini E inayokaa muda mrefu bila kuharibika, ina 473 na hupenya polepole. Vitamini B12 ina zaidi ya 1,300, kwa hiyo kuitia kwenye losheni ni kupoteza fedha.

Lisemwe wazi kwa kila mteja: losheni hulisha ngozi iliyopakwa, haiongezi damu. Mjamzito aendelee kumeza vidonge vya madini chuma na asidi ya foliki anavyopewa kliniki, na vitamini A aipate kwenye mchicha, maembe, viazi lishe na mawese. Vitamini D mwili huitengeneza wenyewe ngozi ikipigwa na jua; Umoja wa Ulaya hauruhusu kabisa D2 na D3 kwenye vipodozi.

Retinoli, ambayo ni vitamini A ya kupaka, tumeiacha kwa makusudi. Mjamzito hashauriwi kuitumia, na losheni ya nyumbani hapa kwetu hupakwa na mama, dada, wifi na mtoto kutoka chupa moja. Vitamini C halisi nayo inataka pH (kipimo cha utindikali; kadiri namba inavyoshuka tindikali huzidi) chini ya 3.5, na kwenye joto hubadilika rangi ikawa njano, kisha kahawia. Haiwezi kukaa chupa moja na hizi nyingine ikabaki salama.

Vipimo vya kilo moja

Pima kila kitu kwa gramu, hata vimiminika. Kijiko hakifai: unga wa niasinamidi ni mwepesi, na vijiko viwili vya mtu mmoja si sawa na viwili vya mwingine.

Sehemu ya maji: maji yaliyokenekwa gramu 708, gliserini gramu 40, EDTA (unga wa kufunga madini yaliyomo kwenye maji) gramu 1.

Sehemu ya mafuta: mafuta ya alizeti yaliyosafishwa gramu 100, waksi ya kuunganisha maji na mafuta (ile isiyo na chaji) gramu 55, setili alkoholi (ya kuipa losheni uzito) gramu 15.

Sehemu ya mwisho, baada ya kupoa: niasinamidi gramu 40, D-panthenoli gramu 20, asetati ya tokoferoli gramu 10, tokoferoli ya kawaida gramu 1, na kihifadhi cha fenoksiethanoli kilichochanganywa na ethilheksili gliserini gramu 10.

Vitamini E zipo mbili kwa sababu kazi zake ni mbili. Ile ya asetati hulala usingizi ndani ya chupa na huamshwa na ngozi, kwa hiyo haiwezi kuzuia mafuta yasichache. Gramu moja ya tokoferoli ya kawaida ndiyo inayolinda alizeti. Na usidhani alizeti yenyewe inatosha: gramu 100 zake zina miligramu 41 hivi za vitamini E, wakati gramu 10 ulizotia ni miligramu 10,000. Mafuta ya nazi, pamoja na sifa zake zote, yana vitamini E kidogo mno. Kwenye panthenoli, hakikisha lebo ya muuzaji imeandika D mbele. Ikiwa ni DL, nusu yake haigeuki kuwa vitamini B5.

Malighafi hizi hupatikana kwenye maduka ya vipodozi na kemikali Kariakoo. Omba cheti cha uchambuzi cha kila mfuko, na kama muuzaji hana, nenda duka jingine. Maji ya betri ya kituo cha mafuta yasitumike, kwani hayakuandaliwa kwa ajili ya ngozi. Maji ya kisima ya pwani yana chumvi na madini yanayoivuruga losheni.

Kutengeneza

Osha vyombo kwa sabuni, vikauke, kisha vipulizie spiriti ya asilimia 70 na uache ikauke yenyewe. Zima feni. Vaa glavu na funga nywele.

Chemsha maji yanayozidi kidogo zile gramu 708, kisha tenga gramu 100 kwenye chombo safi kilichofunikwa, yapoe. Kwenye yaliyobaki pima gramu 608, uweke kwenye sufuria ya stainlesi pamoja na gliserini na EDTA. Sufuria ya aluminiamu iache. Pima uzito wa sufuria na vilivyomo, uandike.

Pasha sehemu ya maji na sehemu ya mafuta, kila moja kwenye chombo chake ndani ya beseni la maji moto, hadi zote zifike nyuzi 75. Zishikilie hapo dakika 20. Pima tena sehemu ya maji, urudishe kwa maji ya moto kiasi kilichopotea kwa mvuke. Wengi huruka hatua hii, kisha hushangaa kwa nini losheni ya leo ni nzito kuliko ya wiki jana.

Mimina mafuta kwenye maji na usage kwa blenda ya mkono: sekunde 30, pumzika, sekunde 30 tena, kwa dakika tatu au nne. Kichwa cha blenda kisitoke juu ya losheni kikiwa kinazunguka, maana kitaingiza hewa na losheni itajaa povu. Baada ya hapo koroga taratibu kwa mwiko wa silikoni mpaka ishuke nyuzi 40. Usiiweke kwenye barafu kuharakisha. Setili alkoholi itaganda vipande vipande na losheni itakuwa na chembe.

Yeyusha niasinamidi kwenye zile gramu 100 za maji hadi yawe angavu, umimine. Fuata na panthenoli, kisha vitamini E zote mbili, mwisho kihifadhi. Koroga dakika kumi.

pH

Hapa ndipo losheni nyingi za B3 hufia. Niasinamidi ikikaa kwenye tindikali na joto, taratibu hugeuka kuwa asidi ya nikotini, na hiyo huleta wekundu, joto na mwasho usoni. Lenga pH kati ya 5.5 na 6. Chukua gramu 1 ya losheni, ichanganye na gramu 9 za maji yaliyokenekwa, chovya karatasi ya kupimia. Ikiwa juu, ongeza matone ya mchanganyiko wa asidi ya sitriki wa asilimia 10, koroga, pima upya. Ongeza kidogo kidogo; kuishusha ni rahisi kuliko kuipandisha.

Yanayoharibika na sababu zake

Maji yakijitenga chini, ama sehemu moja ilikuwa imepoa wakati wa kuchanganya, ama waksi ilipunguzwa ili kubana gharama. Harufu ya uchachu au madoa meusi ni bakteria na kuvu: losheni hii ni maji kwa sehemu kubwa, na bila kihifadhi haifiki wiki kwa hali ya hewa ya Dar. Ndiyo maana hatushauri kopo la kuchota kwa vidole. Tumia chupa ya pampu.

Kuna njia za mkato zinazosambaa sana. Kuponda vidonge vya vitamini B na kuvitia kwenye losheni ya dukani huingiza wanga na rangi za vidonge, chakula kizuri cha vijidudu. Kukoroga unga wa niasinamidi kwenye mafuta ya mgando hakusaidii, kwa kuwa unga huo huyeyuka kwenye maji; utabaki chenga zinazokwaruza. Kapsuli moja ya vitamini E ya vipimo 400 (IU) ina miligramu zisizozidi 400 hivi, hivyo ndani ya losheni ya gramu 400 inaleta asilimia 0.1 tu. Limau ndiyo hatari zaidi: juisi yake ikikutana na jua juu ya ngozi huweza kuunguza na kuacha weusi wa miezi.

Kabla ya kumpa mtu

Weka chupa moja kwenye friji, moja kabatini na moja mahali pa joto la nyuzi 40 hivi, kwa miezi mitatu. Kila wiki angalia rangi, harufu, uzito na pH. Vipimo vya vijidudu havifanyiki jikoni, peleka sampuli maabara. Anayetaka kuuza anapaswa kufuata taratibu za Shirika la Viwango Tanzania (TBS), Ubungo, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia vipodozi. SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, nao hufundisha wajasiriamali wadogo.

Mtumiaji mpya apake kidogo kwenye kiwiko, upande wa ndani, asubuhi na jioni kwa siku mbili. Pasipowasha, apake mwili mzima mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Gramu 20 zinamtosha mtu mzima wa wastani kwa mara moja. Kiasi hicho kina miligramu 800 za niasinamidi, ingawa sehemu ndogo tu ndiyo itakayoingia.

Ngozi kuwa laini huonekana ndani ya siku chache. Madoa meusi ya chunusi huchukua wiki 8 hadi 12 kufifia, na rangi ya asili haibadiliki. Mteja aliyezoea mkorogo ataona hizo ni siku nyingi, na ni wajibu wako kumweleza kwa subira: krimu inayong'arisha kwa wiki moja ishukiwe kuwa na zebaki, hidrokwinoni au steroidi kama klobetasoli, na dawa hizo zinapunguza unene wa ngozi au kudhuru figo. Usiandike neno "kung'arisha" kwenye lebo yako. Andika viambato vyote kuanzia kilicho kingi, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho na namba ya toleo, na katika kila toleo bakiza chupa mbili zilizofungwa, ili siku mteja akirudi na upele uwe na cha kupima.