Somo: Antijeni na kingamwili kwa anayeanza kazi ya maabara

Hatua ya kwanza ni kujiuliza, kabla ya kufungua kifaa, kipimo kinatafuta nini: antijeni, yaani sehemu ya kimelea ambayo mwili huitambua kuwa ngeni, au kingamwili, yaani protini ambayo mwili huitengeneza ili kuikabili. Kwa maoni yangu, majibu mengi hupotoshwa na swali hili lililorukwa kuliko na mkono usio stadi.

Hatua ya pili ni wakati. Katika maambukizi mapya, kwa kawaida kingamwili za aina ya IgM hutangulia, kisha za aina ya IgG hufuata na kudumu zaidi. Ndiyo maana kipimo cha kingamwili kikifanywa mapema mno hutoa jibu hasi kwa mtu aliyekwisha kuambukizwa. Vipimo vya VVU vya kizazi cha nne hukifupisha kipindi hicho cha matazamio, yaani muda kati ya kuambukizwa na kipimo kuweza kuonyesha chanya, kwa kuwa hutafuta pia antijeni ya p24, lakini havikiondoi.

Hatua ya tatu ni uwiano, na hapa naomba tusiharakishe. Katika kipimo cha kaswende cha RPR, mafungu meusi huonekana pale kingamwili zinapounganisha chembe nyingi za antijeni. Kingamwili zikizidi mno, kila chembe hufunikwa peke yake, muungano haujengeki, na seramu (majimaji ya damu yanayobaki damu ikishaganda) yenye kingamwili tele husomeka hasi. Hali hii huitwa prozoni. Ukiishuku, zimua seramu 1:2, 1:4, 1:8 na kuendelea. Mzimuo wa mwisho unaoonyesha mafungu ndio taita. Kupanda kutoka 1:8 hadi 1:16 kunaweza kuwa tofauti ya usomaji tu; kufika 1:32 kuna uzito.

Hatua ya nne: vidhibiti chanya na hasi, yaani sampuli ambazo jibu lake linajulikana tayari, visipotoa jibu linalotarajiwa, majibu hayatoki.

Maswali ya wanachama

Swali: Mstari wa udhibiti kwenye kifaa cha kipimo cha haraka ukitokea, sampuli ilikuwa sahihi?
Jibu: La. Katika vifaa vingi unaonyesha tu kwamba kimiminika kimepita na kitendanishi kinafanya kazi. Seramu ya mgonjwa mwingine ingeutoa vilevile.

Swali: Mtoto wa miezi sita ana kingamwili za VVU. Ameambukizwa?
Jibu: Haijulikani bado, kwa sababu IgG ya mama hupita kwenye kondo. Chini ya miezi 18 hutafutwa vinasaba vya kirusi chenyewe.

Swali: Kwa nini seramu ya VDRL, kipimo kingine cha kaswende, hupashwa nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30?
Jibu: Ili kuzima protini za komplementi zinazoweza kuvuruga kipimo. RPR haihitaji hatua hiyo, kwani antijeni yake imetiwa kolini kloridi.