Chatu mchanga akigoma kula

Mwache siku 5 hadi 7 bila kumshika; chatu mwenye hofu hali chakula. Mpe maji na maficho finyu yanayomgusa mwili. Dar joto lipo, ila kiyoyozi huharibu: upande mmoja wa boksi uwe nyuzi 30 hadi 32, la sivyo chakula hakimeng'enyeki vizuri naye anaweza kutapika.

Chagua kitoto cha panya kisichozidi unene wa tumbo lake. Kilichogandishwa kiyeyushe, kisha kipashe ndani ya mfuko kwenye maji ya moto hadi nyuzi 38 hivi, hasa kichwani, maana chatu hulenga kwa joto. Usiku, taa zimezimwa, kitikise kwa koleo refu mdomoni mwa maficho. Akigeuza kichwa, kiache humo. Asubuhi kitupe, ujaribu tena baada ya wiki. Panya wa mtaani usimpe kabisa: huenda amekula sumu.