Namna ya kubishania usajili wa England bila kuumbuka kijiweni

Kijiweni kwetu Temeke, dirisha la usajili la kiangazi likifunguliwa kahawa hainyweki kwa makelele. Mimi ni Chelsea, kwa hiyo swali la "hela mnatoa wapi?" nimelizoea.

Ukitaka kulijibu, anza na mgawanyo, yaani bei ya mchezaji kugawanywa kwa miaka ya mkataba wake. Mchezaji akinunuliwa pauni milioni 100 kwa mkataba wa miaka 5, vitabuni anaandikwa milioni 20 kila mwaka, mshahara mbali. Ndiyo maana kiungo Enzo Fernández tulimpa mkataba wa miaka minane na nusu Januari 2023. Desemba ya mwaka huo huo vilabu vya Ligi Kuu vikapiga kura: mgawanyo mwisho miaka 5. Ujanja wetu ukafa hapo.

Kisha uliza nani anauzwa. Kijana wa akademi hakununuliwa, hivyo bei yake karibu yote ni faida. Mason Mount alipoenda Manchester United 2023 roho iliniuma. Mhasibu wetu nadhani alichekelea.

Akitokea wa kusema kanuni hizi za fedha ni pambo tu, mtajie Everton. Hasara yao ilivuka kikomo cha pauni milioni 105 kwa miaka mitatu, wakakatwa pointi 10, na baada ya rufaa zikabaki 6. Habari za kesi ya Manchester City, ya kudaiwa kuvunja kanuni za fedha, usizifungue, mtakesha.

Ila kuanzia msimu wa 2026/27 badilisha hesabu: gharama za kikosi (mishahara, mgawanyo wa bei za usajili na ada za mawakala) zisizidi asilimia 85 ya mapato ya soka pamoja na faida ya mauzo ya wachezaji. Anayelilia winga mpya, muulize kwanza nani anatoka.