Kabla Hujalinganisha Prosesa Mbili: Ya Kuweka Sawa Kwanza

Siku hizi prosesa mpya huizidi ya kizazi kilichotangulia kwa asilimia chache tu kwenye kazi nyingi, na asilimia hizo zinaweza kumezwa zote na mpangilio mmoja wa BIOS (programu ya msingi inayowasha kompyuta) uliosahaulika. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ni ile ya kabla programu ya kipimo haijafunguliwa. Nitatumia jozi moja ya AMD: Ryzen 7 7700X ya mwaka 2022 na Ryzen 7 9700X iliyoingia sokoni Agosti 2024. Zote zina viini 8, zote hukaa kwenye soketi ya AM5, hivyo mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), RAM na kipoza-joto vinaweza kubaki vilevile. Pamoja na hayo, watu walibishana sana kuhusu ipi imeiacha mwenzake na kwa kiasi gani.

Anza na swali lako. Unataka kujua ipi ina kasi zaidi mnunuzi akiitoa kwenye boksi na kuichomeka, au ipi inafanya kazi zaidi kwa umeme uleule? Majibu ya maswali hayo mawili hayafanani. TDP (kiwango cha joto na umeme ambacho prosesa imeandikiwa) ya 7700X ni wati 105, ya 9700X ni 65. Na TDP yenyewe si ukomo: kwenye AM5, prosesa ya wati 65 inaruhusiwa kuvuta hadi 88, ya 105 hadi 142. Ukiwasha Blender, programu ya kuchora picha za 3D inayokamua viini vyote, ile mpya inakimbia ikiwa imefungwa kamba. Baadaye AMD walileta BIOS yenye chaguo la kuipandisha 9700X hadi wati 105 bila waranti kupotea. Mimi ningepima kwa awamu mbili, kwanza zilivyo, halafu zote zikiwa na ukomo mmoja wa wati, na matokeo nisiyachanganye kwenye jedwali moja.

Kwa Intel, kero kubwa ni mazabodi. Core i9-14900K imeandikiwa ukomo wa wati 253, lakini mazabodi nyingi za bei ya juu zilitoka kiwandani zikiwa zimeuondoa. Mwaka 2024, malalamiko ya prosesa hizo kuyumba na kuzima programu yalipozidi, Intel walisisitiza mipangilio yao ya msingi itumike, na Agosti mwaka huo wakatoa maikrokodi 0x129 (maagizo ya ndani ya prosesa, yanayosasishwa kupitia BIOS). Kwa hiyo alama ya 14900K isiyotaja toleo la BIOS wala ukomo wa wati, mimi siihesabu. Na ukiwa unasasisha BIOS sehemu ambayo umeme haueleweki, chomeka kwenye UPS kwanza.

RAM nayo ina mtego wake. Kasi rasmi kwa Ryzen 7000 ni DDR5-5200, kwa 9000 ni 5600, ila wapimaji wengi huwasha EXPO (mpangilio wa BIOS unaoiendesha RAM kwa kasi iliyotangazwa na mtengenezaji wake) na kuziendesha zote kwenye 6000. Njia yoyote kati ya hizo inakubalika, ilimradi uitaje. Tatizo huja unapobadilisha prosesa: mashine inawaka, skrini inabaki nyeusi dakika kadhaa wakati mazabodi inajizoesha na RAM (usiizime!), kisha inakuja na ujumbe kwamba imeona prosesa mpya. Mara nyingi hapo EXPO imeshajizima bila kukuambia. Fungua CPU-Z, programu inayoonyesha taarifa za prosesa na RAM, nenda ukurasa wa Memory. RAM ya 6000 inapaswa kuonyesha karibu 3000, kwa kuwa DDR husafirisha data mara mbili kwa kila mzunguko. Ukiona 2400, uko kwenye 4800, na chochote utakachopima hapo hakilingani na cha jana.

Halafu kuna Windows. Wapimaji wa 9700X walipopata namba ndogo kuliko zile AMD walizotangaza, AMD walieleza kwamba wao walipima gemu wakiwa kwenye akaunti ya Administrator, ambamo maboresho fulani ya kubashiri matawi ya programu (prosesa kukisia hatua inayofuata kabla haijafikiwa) yalikuwa yanafanya kazi. Watumiaji wa kawaida waliyapata kwenye toleo la 24H2 la Windows 11, na kwa 23H2 kupitia sasisho KB5041587. Kumbe sasisho hilo liliiongezea kasi hata 7700X. Aliyepima upya 9700X peke yake na kuiweka kando ya namba za zamani za 7700X alipata pengo ambalo halipo. Kwa hiyo rudia kupima prosesa zote, hata ile uliyoipima mwezi uliopita, kisha simamisha masasisho hadi umalize. Angalia pia Core Isolation, kinga ya usalama ya Windows: ikiwa imewashwa kwa moja, iwe imewashwa kwa zote.

Kipoza-joto kiwe kilekile, pesti mpya ya kupitisha joto kila unapobadilisha, na joto la chumba liandikwe. Prosesa hizi hupunguza kasi zenyewe zikikaribia nyuzi 95, na chumba cha Dar kisicho na AC mwezi Februari hakifanani na maabara ya Ujerumani. Cinebench, programu ya kupima prosesa, iache izunguke dakika 10 kamili. Na usichanganye matoleo: prosesa ya viini 8 kama hizi inayopata karibu 20,000 kwenye Cinebench R23 itapata elfu moja na kitu kwenye Cinebench 2024.

Kwa gemu, shusha skrini iwe 1080p na utumie kadi ya michoro yenye nguvu kuliko zote ulizonazo. Wapo wanaosema hakuna mwenye RTX 4090 anayecheza 1080p, na ni kweli, lakini kwenye 4K utakuwa unapima kadi, si prosesa. Andika wastani wa fremu pamoja na asilimia 1 ya chini kabisa (kasi ya fremu zilizo polepole zaidi), maana huko ndiko kukwama kwa gemu kunakoonekana.

Mzunguko wa kwanza utupe, kwa sababu gemu nyingi huwa bado zinaandaa michoro. Endesha mitatu inayofuata, chukua namba ya katikati. Ikiwa mizunguko hiyo mitatu inapishana yenyewe kwa asilimia 2, basi pengo la asilimia 2 kati ya prosesa mbili liandike kuwa sare, na kinachobaki kulinganishwa ni bei, ya prosesa pamoja na ya mazabodi yake.