Somo: Kununua umeme wa jua wa mzalishaji binafsi kupitia dalali, kwa wenye viwanda na maghala Mtwara na Lindi

Ndugu wanachama, swali linalonijia sana siku hizi ni hili: amekuja mtu kiwandani na makabrasha yake, anasema ataleta mwekezaji afunge sola juu ya paa, mwenye kiwanda asitoe hata shilingi, alipe tu uniti anazotumia kwa miaka 15 au 20. Asaini?

Biashara yenyewe ni halali na nzuri, natamani viwanda vingi vya kusini viingie. Ila mkataba wa miaka 20 hausainiwi kwa kutazama bei ya uniti peke yake. Kwa anayebangua korosho, kinachoumiza ni ile miezi ambayo ghala halina korosho ghafi. Nitalieleza hilo kwa hesabu.

Kwanza tujue nani ni nani. Mzalishaji ndiye mwenye mtambo. Ananunua paneli, anafunga, anatunza, anakuuzia umeme. Dalali anawakutanisha na kupata ujira wake. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inaruhusu watu binafsi kuzalisha na kuuza. Afrika Kusini wamefika mbali zaidi: kule kuna wafanyabiashara wenye leseni wanaonunua umeme wa shamba la jua lililo mbali, wanausafirisha kwenye nyaya za Eskom, shirika la umeme la serikali ya kule, au za manispaa, kisha wanawauzia wenye maduka makubwa na migodi. Kwetu njia iliyo karibu ni mtambo kukaa palepale kiwandani, kwenye paa au uwanja. Somo hili ni la njia hiyo.

Hatua ya 1: Isome bili yako mpaka uielewe

Chukua bili za miezi 12, usichukue ya mwezi mmoja. Angalia uko daraja gani. Katika bei zilizoidhinishwa mwaka 2016 na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, mteja wa T1 (matumizi ya kawaida) alipangiwa shilingi 292 kwa uniti, wa T2 (matumizi makubwa kwenye msongo mdogo, yaani volti ndogo) shilingi 195, na wa T3 wa msongo wa kati shilingi 157. T2 na T3 wana malipo mengine juu yake, ya kVA, yaani mzigo wa juu kabisa mita yako iliousoma mwezi huo. Kwa T3 msongo wa kati ni shilingi 13,200 kwa kila kVA.

Tuseme kiwanda chako ni cha T3, kinakula uniti 120,000 kwa mwezi na mzigo wa juu ni kVA 400. Uniti ni shilingi 18,840,000. kVA ni 5,280,000. Jumla 24,120,000 kabla ya VAT na tozo za REA (Wakala wa Nishati Vijijini) na EWURA.

Dalali anakuletea mtambo wa kutoa uniti kama 40,000 kwa mwezi kwa shilingi 140. Kwenye karatasi yake ameandika utaokoa shilingi 6,080,000 kila mwezi. Amezipata wapi? Amechukua 292, bei ya T1, akatoa 140. Lakini wewe hulipi 292, unalipa 157. Tofauti yako ni shilingi 17 kwa uniti, na akiba yako ni 680,000. Bado ni pesa, ila siyo ile uliyoonyeshwa.

Na ile kVA? Kama mzigo wako wa juu unatokea saa moja jioni, zamu ya pili ikiwa imewasha vikaushio, jua limeshazama. Milioni tano zako ziko palepale. Anayekwambia sola itashusha bili nzima, mwombe akuonyeshe ni saa ngapi mzigo wako unapanda.

Hatua ya 2: Chora mwaka wako, mwezi kwa mwezi

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Korosho inaanza kuingia mnadani Oktoba. Kiwanda kinachemka kadiri ghafi ilivyonunuliwa, na wengi wetu ikifika katikati ya mwaka mashine zimenyamaza. Sasa tazama mbingu: mvua zetu ni za kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na jua safi lisilo na wingu ni la kiangazi, Juni hadi Oktoba. Maana yake mtambo wako unazalisha vizuri zaidi wakati huna kazi ya kuupa.

Hili lisingekuwa tatizo kama ungelipia ulichotumia tu. Lakini mikataba mingi ya namna hii ina kifungu cha kima cha chini: utumie usitumie, unalipa. Rudi kwenye mfano wetu. Julai kiwanda kimefungwa, mchana unatumia uniti 9,000 tu za ofisi, pampu na karakana. Mkataba unasema kima cha chini ni uniti 40,000 kila mwezi. Unalipa 5,600,000. Uniti 9,000 kwa bei ya T3 zingekugharimu 1,413,000. Umepoteza 4,187,000. Mwezi mmoja wa kiangazi umemeza akiba ya miezi sita na zaidi. Ukifunga miezi miwili, mwaka mzima umekula hasara huku paa lako limepambwa.

Tiba zipo. Omba kima cha chini kihesabiwe kwa mwaka badala ya mwezi. Au kiwe cha misimu: cha juu msimu wa kubangua, cha chini kiangazi. Au, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, punguza ukubwa wa mtambo uendane na matumizi ya mwezi wako mdogo. Mzalishaji atanung'unika, kwa sababu mtambo mkubwa ndio unaomlipa. Wewe shikilia.

Hatua ya 3: Mpime dalali

Sisi wa kusini kangomba, yule mlanguzi wa korosho, tunamjua. Anamfuata mkulima kabla ya msimu, wakati wa dhiki, anaweka bei yake kabla mnada haujafunguliwa. Dalali wa umeme anayekuletea mzalishaji mmoja tu na kukuharakisha usaini, anafanya kazi ileile. Dalali mwema anaitisha mnada: wazalishaji watatu au zaidi, wote wanajaza fomu moja, kwa mtambo wa ukubwa uleule, na bahasha zinafunguliwa mbele yako.

Muulize kwa maandishi nani anamlipa na kwa mtindo gani. Ujira wa mara moja unauona. Ule uliofichwa ndani ya bei ya uniti huuoni: shilingi 5 tu juu ya kila uniti, kwa uniti 40,000 za kila mwezi, ni 2,400,000 kwa mwaka, na milioni 36 kwa miaka 15. Sisemi asile, kazi amefanya. Nasema ujue anakula kiasi gani.

Hatua ya 4: Paa

Mhandisi wa majengo akague kwanza, hasa kwenye majengo ya viwanda vya miaka ya 1970. Upepo wa bahari una chumvi, kwa hiyo bolti na reli ziwe za chuma kisichoshika kutu. Iandikwe pia nani atagharimia kushusha paneli siku ukibadilisha mabati.

Hatua ya 5: Vifungu vya kusomewa mara mbili

Bei inayopanda kila mwaka. Shilingi 140 ikipanda asilimia 4 kwa mwaka, baada ya miaka 10 ni 207.

Fedha. Kanuni za Machi 2025 zinakataza kupanga bei ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Wengine wanaandika shilingi, kisha chini wanaweka fomula ya kuifuata dola. Waambie waifute, au iwe na ukomo.

Umeme wa gridi ukikatika. Inveta ya kawaida, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kutumika na mashine, inazima hapohapo kwa usalama wa mafundi walio kwenye laini, hata kama jua linawaka. Kama unategemea sola ikuokoe na jenereta, ni lazima mtambo uwe na betri, au ufungwe ufanye kazi sambamba na jenereta. Hapa kuna akiba ya kweli: lita ya dizeli inatoa uniti 3 hivi, kwa hiyo ikiwa lita ni shilingi 2,800, uniti moja ya jenereta ni zaidi ya 900.

Kibali. Mtambo wa chini ya megawati 1 hauhitaji leseni ya EWURA, ila usajiliwe, na TANESCO wajue kuna chanzo kingine nyuma ya mita yao.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Masasi: Mwalimu, sisi ni kikundi cha akina mama wabanguaji, tunatumia LUKU. Dalali kasema sisi wadogo mno. Ni kweli?

Jibu: Kwa biashara yake ni kweli, mtambo mdogo haumlipi. Lakini dada zangu, nyie wa T1 ndio mnaolipa uniti ghali kuliko kiwanda kikubwa, kwa hiyo kila uniti ya jua inawaokolea zaidi. Msitafute dalali. Tafuteni mkopo mnunue paneli zenu, na mzifunge kwa kadiri ya mashine mnazowasha mchana.

Mwanachama wa Kilwa Masoko: Nina chumba baridi cha samaki na pweza. Mwaka mzima hakizimwi. Mfano wako wa korosho unanihusu?

Jibu: Hali yako ni nzuri kuliko ya wabanguaji, kaka. Mzigo wako haulali, kwa hiyo kima cha chini hakikutishi sana. Kabla ya kulipia betri, fikiria barafu: gandisha kwa nguvu saa tano hadi saa tisa mchana, usiku mashine zipumzike. Barafu inatunza ubaridi kwa gharama ndogo kuliko betri.

Mwanachama wa Mtwara mjini: Gesi ya Mnazi Bay iko hapa hapa. Kwa nini nihangaike na jua?

Jibu: Kama bomba limekufikia na hesabu ya gesi inakubali, sitakuzuia. Ila gesi si nishati jadidifu. Wanunuzi wa nje wameanza kuuliza bidhaa imetengenezwa kwa umeme gani, na hapo kinachohesabika ni hati ya nishati jadidifu, moja kwa kila uniti 1,000. Soma mkataba uone hati hizo ni za nani. Zikiwa za mzalishaji na akaziuza kwingine, huwezi kumwambia mnunuzi wako kwamba umetumia umeme wa jua, hata kama paneli ziko juu ya kichwa chako.

Mwanachama wa Lindi: Dalali wangu anadai ada ya upembuzi kabla hajaleta mzalishaji hata mmoja. Nilipe?

Jibu: Usilipe kwa ahadi. Kama kuna kazi halisi, mfano kufunga kifaa cha kupima mzigo wako saa kwa saa kwa wiki kadhaa, lipia kazi hiyo, na takwimu zibaki mali yako. Ukiachana naye, unampa dalali mwingine takwimu zilezile na safari inaendelea.